Jina Lililotoka Kwenye Kitabu cha Ndakala

Muheshimiwa mujumbe wa gavana wetu wa jimbo. Papa Mukurugenzi wa institut hii pamoja na waprofesa wako. Shehe wetu na Papa Muchungaji, mulioketi bega kwa bega kama watu wa Kalemie tulivyozoea. Wakubwa wa biro zote, ofisi kubwa na ndogo. Wazazi wenzangu, baba na mama, mulioacha meza za soko na nyavu zenu kwa ajili ya leo. Na ninyi wanafunzi muliovaa toga nyeusi kwenye joto hili: nawasalimu wote, kila muntu kwa heshima yake. Kama kuna mukubwa nimemusahau, anisamehe, na aonje kidogo namna kusahauliwa kunavyokaa moyoni. Kwa jambo hilo njo nimesimama hapa.

Jina langu ni Mwavita, binti wa Twahiri. Watu wa soko la Kituku wananijua. Huu ni mwaka wa arobaini na moja nauza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na meza yangu haijahama. Shule niliacha darasa la tatu, na maneno haya nimeyaandika kwa mukono wangu mwenyewe, siku tisa nzima. Mutoto atakayecheka nikikwama kwenye neno, nitamungojea nje.

Nimealikwa nipokee cheti cha kumbukumbu cha mujukuu wangu Farida, mutoto wa mwanangu Hamidi, aliyesoma hapa miaka mitatu na akafariki mwezi wa tano, siku chache kabla ya kutetea kazi yake. Cheti nimekiona pale mezani. Kina maua pembeni na utepe. Ni kizuri. Lakini si hicho kilichonitoa nyumbani. Nimekuja kuomba kitu kidogo kuliko cheti: jina la Farida lirudi kwenye kitabu alichokitunga, ambacho sasa kina majina ya watu watatu, na yeye hayumo. Nitaeleza, na nitaeleza polepole, kwa sababu haraka imeniponza mara moja na sitaki iniponze tena.

Mwaka jana Farida alikuja nyumbani na wenzake watatu. Hawa hapa, mustari wa pili: Serge, Delphin, na Pascaline. Walikuwa na somo linaloitwa maketingi, na mwalimu wao, Chef de travaux Théophile, aliwagawa kwa grupe, wanne wanne, kila grupe ichague kitu cha hapa kwetu na itafute namna ya kukiuza vizuri zaidi. Wengine walichagua sabuni, wengine mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Farida alichagua ndakala. Ndakala zangu.

Nilicheka mpaka kitambaa kikanianguka kichwani. Nikamuuliza, "Baba yako analipa minerval ili ufundishwe kuuza ndakala? Mimi si nilikufundisha bure, ukiwa bado huna meno?"

Akaniambia, "Bibi, mwalimu anasema kwanza tumuulize mununuzi anataka nini."

"Mununuzi ana mudomo. Akitaka kitu atasema."

"Na kama anakuheshimu?"

Niliona ni maneno ya watoto. Walienda soko zima na daftari, wakauliza wanawake hamsini. Jioni Farida alirudi, akakaa kwenye kigoda, akafungua daftari. Halafu akasema, "Bibi, wanasema ndakala zako zina muchanga."

Wazazi wenzangu, munajua namna tunavyoanika pale ufukoni: tunamwaga chini, jua linafanya kazi, na muchanga kidogo unapanda. Niliuliza nani amesema. Akataja Mama Agathe. Mama Agathe wa Kabalo, anayenunua kwangu magunia miaka kumi, anapakia kwenye treni, hajawahi kuninung'unikia. Kumbe kule Kabalo anaosha ndakala zangu maji matatu kabla ya kuzipanga mezani. Miaka kumi ananichekea, anauliza watoto, anaosha kimya kimya.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamuita Hamidi apige vichanja vya miti na wavu juu, ndakala zikauke hewani. Leo ufuko muzima wa Kituku una vichanja. Mukipita pale mutaviona. Hilo njo somo la kwanza la maketingi nililopata, na nililipata kwa mutoto: anayekupenda anaweza kukuficha kosa lako mpaka linakuozea mukononi. Kama humuulizi, hasemi. Kaeni na neno hilo. Nitalirudia, na mutaona kwa nini.

Kisha zikaja sashe, vile vifuko vya plastiki. Sashe ngumu, zinazong'aa, zililetwa na boti kutoka Kigoma. Grupe ilipima ndakala kwenye balanse, gramu kwa gramu, ikafunga kwa moto, ikabandika etiketi yenye samaki wa buluu. Sashe mia moja. Mimi mwenyewe nilizishika nikasema moyoni, hawa watoto wataninyang'anya soko.

Wakazipanga kwenye meza pembeni ya yangu. Mama wa kwanza akaja. Akachukua sashe, akaigeuza, akaisifu, akatoa pesa. Halafu akabaki amesimama, mukono umenyooshwa. Serge akamuuliza anangoja nini.

"Matabishi," yule mama akasema.

Mimi nilikuwa naangalia pembeni, nimefunga mudomo. Nani kati yetu hajui matabishi? Ukishajaza kopo, unachota tena kwa vidole, unatupia juu. Hakuna mama wa Kalemie anayeondoka mezani bila huko kuongezwa. Lakini sashe imefungwa kwa moto, unaongeza wapi? Na watoto hawa, waliozaliwa humu humu, waliokula matabishi tangu tumboni mwa mama zao, walikuwa wamesoma mpaka wakaisahau.

Serge akamuambia, "Mama, bei ni bei."

Yule mama akarudisha sashe mezani taratibu. "Basi, kula bei yako."

Siku tatu, sashe saba tu. Ya nane ilinunuliwa na Delphin mwenyewe kwa kuona haya. Serge hakurudi tena pale sokoni. Delphin alirudi mara moja, akapiga picha, akaenda. Pascaline alikuja kila alipopata ruhusa kwao, na beseni alibeba, nilimuona. Farida alihamia mezani kwangu wiki nzima. Hakuuza. Alikaa akiangalia mukono wangu.

Akaniuliza, "Bibi, kwa nini yule umemuongezea mara mbili?"

"Yule mume wake yuko Manono, hajaandika tangu mwaka jana."

"Na yule mukali uliyegombana naye?"

"Kwa sababu tuligombana."

Aliandika. Akauliza tena kama matabishi si hasara. Nikamuambia maneno niliyoambiwa na mama yangu, kwamba kopo linasema nimekuuzia, na matabishi inasema nimekuona. Hayo pia aliyaandika.

Siku ya soko iliyofuata Farida alileta sashe zile zile, na pembeni yake beseni moja ya ndakala iliyo wazi. Kila aliyenunua sashe, anachotewa mukononi. Sashe zote tisini na mbili zilikwisha kwa masoko mawili. Mimi nilimuona mujukuu wangu akichota kwa vidole vyangu mimi, mukunjo ule ule, na nikageuza uso nisionekane nafurahi. Hiyo njo tabia yangu. Sisifu mutoto mbele ya watu. Nilifikiri sifa inaharibu.

Alitunga kitabu cha kazi yao, kurasa thelathini, amekaa mbele ya ukuta wa nyumba kwenye kivuli. Alipomaliza alinijia. "Bibi, siku ya kutetea nataka ukuje. Mwalimu ameruhusu shahidi. Usimame, uwaeleze matabishi. Wewe njo mwalimu wa jambo hili, si mimi."

Nilimuambia sina muda wa kuangalia watoto wakivaa kravati. Ulikuwa uongo. Muda nilikuwa nao. Niliogopa kusimama mbele yenu, ninyi wenye maneno marefu, mimi wa darasa la tatu. Na leo nimesimama. Munaona mambo ya dunia? Nimepata ujasiri wakati aliyeuomba hayupo.

Sasa nasema lile ambalo sijalisema hata kwa Hamidi, na Hamidi amekaa pale, atalisikia na wote.

Jumapili Farida aliamka amechelewa. Alisema kichwa. Nikamuambia, "Unaugua egzame, mutihani huo unakutisha." Nikacheka. Jumatatu alilala tena, nikamupa maji ya mululuza, yale majani machungu, nikamuambia egzame ikipita atapona. Alicheka naye. Hakusema zaidi. Alikuwa ananijua: muntu akilalamika kwangu, namugombeza. Basi alinichekea, kama Mama Agathe alivyonichekea miaka kumi. Jumanne nilimugusa mugongo, ukawa moto kama kichanja cha adhuhuri. Tulimukimbiza hospitali kwa pikipiki, Hamidi nyuma amemushika. Walisema malaria imekula damu. Hamidi alitoa ya kwake. Jumatano, kabla ya sala ya alasiri, Farida alikwisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mimi ninayeweza kunusa ndakala na kukuambia zimelala siku ngapi, sikunusa homa ndani ya nyumba yangu. Na si kwamba sikujua kuuliza. Mutoto mwenyewe alikuwa amenifundisha kuuliza. Somo nililipata, nikaliweka kwenye samaki, sikuliweka kwake.

Nisamehe, Hamidi. Hapa, mbele ya watu, naomba. Nyumbani nilishindwa.

Pascaline alikuja kwenye musiba. Yeye ni mutoto wa watu wa kaskazini ya ziwa, wa kanisa, hakujua desturi zetu, alijifunga kitenge kichwani kama muntu anayekwenda shamba. Alikaa chini na sisi siku tatu, akaosha sufuria. Serge na Delphin walituma ujumbe kwenye simu. Nilisomewa. Ulikuwa ujumbe mufupi.

Mwezi wa sita kazi ilitetewa. Walipata pointi kumi na saba juu ya ishirini. Pascaline njo aliniletea kitabu, akanipa kwa mikono miwili, akainama. Mimi nasoma polepole, kwa hiyo siruki kitu. Nilisoma jalada herufi kwa herufi. Serge. Delphin. Pascaline. Nikageuza nyuma. Nikarudi mbele. Nikafungua ndani, ukurasa wa kumi na moja, nikakuta kopo linasema nimekuuzia na matabishi inasema nimekuona. Maneno ya mama yangu, yako pale, na mutoto aliyeyabeba hayupo.

Nikamuuliza, "Pascaline, Farida iko wapi?"

"Bibi, kwenye biro walisema marehemu hawezi kupewa pointi. Kila jina kwenye jalada linatakiwa kutetea."

"Mimi sikuuliza pointi."

Akalia. Na mimi nikamuacha alie, sikumubembeleza. Hata hilo najuta.

Papa Mukurugenzi, sikuja kuvunja sheria ya biro yako. Sheria ya pointi ni ya walio hai, naielewa. Marehemu hahitaji pointi, anakohesabiwa sasa balanse ni nyingine. Lakini nauliza kwa heshima: ni sheria gani inasema aliyekufa hakufanya kazi aliyoifanya? Fundi akifa, nyumba aliyoijenga inahama jina? Muvuvi akizama, samaki aliowaleta jana tunasema walijileta?

Na ninyi watatu, simameni. Ndiyo, sasa. Toga zenu nzuri zionekane.

Delphin, nakushukuru. Unashangaa? Picha pekee ya Farida akiwa mezani, anacheka, mukono ndani ya beseni, ilitoka kwenye simu yako. Ulikuja mara moja tu, lakini mara ile uliangalia vizuri. Iko ukutani kwangu.

Pascaline, wewe nimeshasema. Ulibeba beseni, na uliniletea kitabu ukijua nitakachokuta. Kulikuwa na njia rahisi, ya kutokuja.

Serge. Baki umesimama. Watu wameniambia ulitetea vizuri kuliko wote, sauti haikutetemeka, uliwaeleza waprofesa matabishi mpaka wakapiga makofi. Una kipaji cha kusema, na sikutanii; jimbo hili linahitaji watu wa kusema. Lakini ulisema vizuri kuhusu mukono ambao hukukaa kuuangalia hata saa moja. Siku moja utakuwa mukubwa wa biro, nakuona, una shingo ya biro. Siku hiyo, watu wa chini yako watafanya kazi na wewe utasimama kuieleza. Utataja majina yao?

Usiiname. Sijamaliza, na kilichobaki ni changu.

Mwezi uliopita, mama mumoja wa Moba alisimama Kituku mbele ya vichanja vyangu, akashangaa. Akaniuliza, "Mama Mwavita, akili hii ya kuanika juu ulifundishwa na nani?"

Munajua nilimujibu nini? Nilimujibu, "Ni akili yangu mwenyewe."

Lilitoka tu. Kiburi cha miaka arobaini na moja kilijibu kabla yangu. Nilirudi nyumbani, nikakiangalia kitabu, nikaangalia ile picha, nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani. Nilikuwa nimewakasirikia watoto watatu kwa miezi, nimewaita wezi mbele ya majirani, na mimi nilifanya vile vile, bila biro, bila sheria, bila hata egzame ya kunilazimisha. Kwa hiyo, Serge, ninayekugombeza leo si muntu safi. Kwenye vichanja vyangu sasa nimemuambia Hamidi aandike kwa rangi nyeupe: Vichanja vya Farida. Rangi haijakauka vizuri. Musiiguse mukipita.

Wanafunzi wote, ninyi wa toga, somo la maketingi mulilipewa na mwalimu wenu, na yeye ni mwalimu mwema, maana njo aliyewatuma mukaulize. Mimi nawaongezea kidogo tu. Mutafanya kazi kwa grupe maisha yenu yote. Ndoa ni grupe. Soko ni grupe. Nchi hii yetu ni grupe, na tunajua namna wengine wanavyosaini tu kazi ya wenzao. Mutakapoona mwenzenu amenyamaza na anacheka, muulizeni. Mara ya pili pia. Na akiwa hayupo, mutajeni.

Sasa, jambo hili haliko kwenye karatasi yangu. Kitabu kiko hapa, nimekileta, nimekifunga kwa kitenge. Na bic ya kuandikia iko hapa. Papa Mukurugenzi, naomba ruhusa ya mustari mumoja tu kwenye jalada. Hakuna pointi juu yake.

Nakuona umekubali kwa kichwa. Naomba ukubali kwa mudomo pia, watu wa nyuma wasikie.

Asante, Papa. Mungu akulinde.

Njooni watatu. Nataka kila mumoja aandike kipande, liwe limeandikwa na grupe. Pascaline, anza. Sasa Delphin, pole pole, usipasue karatasi. Serge, umebaki na herufi mbili za mwisho. Andika. Herufi zikipinda si kitu, zangu zilipinda siku tisa.

Farida. Nimelisoma. Limekaa lote.

Muheshimiwa, wakubwa, wazazi, watoto: Mungu alinipimia mujukuu huyu miaka ishirini na miwili, kopo kamili, halafu akafunga. Sigombani naye, yeye njo mwenye balanse. Nilibaki tu nimesimama mbele yake miezi hii yote, mukono umenyooshwa, kama yule mama wa sokoni. Leo mumeniwekea kitu kidogo juu ya kiganja. Ni kidogo sana, hakirudishi muntu, lakini nimeonwa, na yeye ameonwa.

Cheti chenu cha maua nitakipokea sasa, nitamupa Hamidi. Kwa masikio yenu, na kwa uvumilivu wenu kwa mwanamuke muzee mwenye ulimi, asanteni sana. Pale mulangoni nimeweka beseni ya ndakala zisizo na muchanga. Mukitoka, kila muntu anyooshe mukono. Pascaline atawachotea.